Konveta ya Torki katika Gari la Mbio Fupi: Namba Iliyo Katika Orodha na Namba Iliyo Barabarani

Katika mchezo wa mbio fupi unaopendwa sana huko Marekani, magari mawili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka. Taa ya kijani ikiwaka, yote mawili hukimbia robo maili, yaani mita 402, bila kona hata moja. Mchezo huu ulikuzwa na vijana wa California baada ya Vita Kuu ya Pili, na chama chake cha kitaifa, NHRA, kiliundwa mwaka 1951. Wengi wa washiriki si wataalamu wenye wafadhili. Ni watu wenye kazi nyingine, ambao hutengeneza gari moja nyuma ya nyumba kwa fedha zao wenyewe, na kwao kosa moja la ununuzi laweza kumaliza msimu mzima. Kosa lirudiwalo mara nyingi hutokea wanapochagua konveta ya torki. Nalo ni kosa la fizikia ya shule ya sekondari, si la ufundi wa siri.

Torki ni momenti ya kuzungusha: kani mara umbali wake kutoka kwenye mhimili. Konveta ya torki ni chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambacho hukaa kati ya injini na giaboksi ya otomatiki mahali ambapo magari mengine huwa na klachi. Asili yake ni melini. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger aliipatia hataza mwaka 1905, akitafuta njia ya kuunganisha turbini za mvuke zendazo kasi na rafadha za meli zendazo polepole. Miongoni mwa magari ya abiria, Buick ya mwaka 1948 ndiyo iliyoipatia umaarufu.

Ndani yake mna magurudumu matatu yenye mapanga. La kwanza ni pampu, nayo huzungushwa na injini. La pili ni turbini, ambayo huzungusha giaboksi. Kati yao hakuna chuma kinachogusana. Ni mafuta tu. Mpishi anayekoroga uji kwa nguvu kisha akautoa mwiko huona uji ukiendelea kuzunguka, na akiurudisha mwiko huhisi ukisukumwa. Vivyo hivyo pampu huyapa mafuta mzunguko, nayo mafuta huisukuma turbini. Gurudumu la tatu, stata, ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mafuta yakitoka kwenye turbini huwa yameelekea kinyume cha pampu, na yangeikwamisha. Mapanga ya stata huyageuza ili yaingie kwenye pampu yakiisaidia. Kwa kuwa stata imeshikizwa kwenye mwili wa giaboksi isizunguke kinyumenyume, mwili huo hutoa torki ya ziada, na turbini hupata torki kubwa kuliko ile ya injini: kwa kawaida mara 2 hivi gari likiwa limesimama. Kanuni ya hifadhi ya nishati haikuvunjwa. Kama ilivyo kwa wenzo, kinachopatikana katika torki hulipwa katika kasi. Turbini ikikaribia kasi ya pampu ziada hiyo hutoweka, na klachi ya upande mmoja huiachia stata izunguke pamoja na wenzake.

Sasa dereva akikanyaga breki, akaingiza gia na kukanyaga mafuta hadi mwisho, turbini haizunguki. Injini hupanda kasi hadi mahali fulani na kukwama hapo. Hiyo huitwa kasi ya mkwamo, na ndiyo namba ambayo wauzaji huandika katika orodha zao: 2,500, 3,000, 3,500. Mnunuzi husoma namba hiyo kama asomavyo kipenyo cha bolti, akidhani ni mali ya konveta yenyewe. Sivyo. Ni namba ya ndoa kati ya konveta na injini moja maalumu.

Sababu yake ni nyepesi. Torki ambayo pampu huidai kutoka kwa injini hukua kwa mraba wa kasi yake, na kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake. Konveta moja ikishatengenezwa kipenyo chake hakibadiliki, hivyo kasi ya mkwamo ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha torki ya injini hutoa namba isiyobadilika sana, ambayo wahandisi huiita K. Hiyo K ndiyo mali halisi ya konveta.

Tuseme mtu ana injini inayotoa torki ya nyutoni-mita 350 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, 430 kwenye 2,500, 480 kwenye 3,000, na 500 kwenye 3,500, kisha huanza kupungua. Angependa gari liondoke injini ikiwa kwenye kilele chake, kwa hiyo ananunua konveta iliyoandikwa 3,500. Lakini mwuzaji aliipima kwa injini yenye torki ya 600. Kipeuo cha pili cha 600 ni 24.5, basi K ni 3,500 ikigawanywa kwa 24.5, yaani 143. Kwa injini ya mnunuzi, mlingano unatimia kwenye mizunguko 3,150 hivi, ambako torki ni 486 na kipeuo chake ni 22. Kilele hakikufikiwa. Ili apate 3,500 halisi anahitaji K ya 3,500 kugawanywa kwa 22.4, yaani 156. Nayo konveta hiyo, katika orodha ya mwuzaji yule yule, itakuwa imeandikwa 3,800. Rafiki yake mwenye injini dhaifu zaidi, ambayo torki yake ni 350 katika eneo hilo, angepata chini ya 2,700 kutokana na konveta ile ya kwanza. Darasani jambo hili huonekana vizuri zaidi likichorwa: mchirizo wa torki ya injini, na parabola ya konveta inayoanzia sifuri. Zinapokatana ndipo penye mkwamo.

Kipeo cha tano nacho kina ajabu yake. Konveta yenye kipenyo cha sentimita 30 ikibadilishwa kwa nyingine ya umbo lile lile yenye sentimita 25, kwa torki ile ile kasi ya mkwamo hupanda kwa 1.2 kwa kipeo cha 2.5, yaani mara 1.58. Iliyokuwa 2,000 inakuwa 3,150. Ndiyo maana konveta za mashindano ni ndogo kuliko za magari ya kawaida, jambo linalomshangaza mtu anayeamini kuwa kilicho kikubwa ndicho chenye nguvu.

Je, namba kubwa zaidi ni bora siku zote? Hapa tairi ndizo zinazotoa jibu, na mara nyingi jibu lao hupuuzwa. Nyutoni-mita 500 zikizidishwa mara 2 na konveta, mara 2.5 na gia ya kwanza, na mara 4 na difu, hufika 10,000 kwenye magurudumu ya nyuma. Tairi likiwa na nusu kipenyo cha mita 0.33, hiyo ni kani ya nyutoni 30,300. Gari la kilo 1,500 lina uzito wa nyutoni 14,700 tu. Hata kama uzito wote ungelalia magurudumu ya nyuma, na kizio cha msuguano kikawa 1, zaidi ya nusu ya kani hiyo ingegeuka moshi. Mwenye tairi za kawaida hana haja ya konveta kali kwa ajili ya kuondokea. Anahitaji tairi laini za mashindano kwanza. Faida ya konveta inayobaki kwake ni wakati wa kubadilisha gia, ambapo huizuia injini isianguke chini sana ya kilele chake.

Kisha kuna joto. Wakati wa mkwamo turbini haifanyi kazi yoyote, kwa hiyo nguvu yote ya injini huishia katika mafuta. Torki ya 500 kwenye mizunguko 3,500 ni kilowati 183. Kilo moja ya mafuta huhitaji takriban kilojuli 2 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Kama mafuta yanayovurugwa ni kilo 5, hupanda kwa nyuzi 18 kila sekunde. Chuma hufyonza sehemu ya joto hilo, lakini dereva anayesubiri taa kwa sekunde 4 hali amekanyaga mafuta hadi mwisho anaichoma giaboksi yake mwenyewe. Kipoza mafuta si pambo.

Joto lina madhara ya pili katika daraja linalopendwa na wasio wataalamu. Humo kila dereva hutangaza mapema muda anaotarajia, gari la polepole huondoka kwanza, na anayekimbia upesi kuliko alivyotangaza kwa kawaida hupoteza. Mshindi si mwenye kasi bali mwenye kujirudia. Mafuta ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hivyo dereva makini huanza kila mbio geji ya joto ikiwa mahali pale pale.

Kipimo cha mwisho hufanyika kwenye mstari wa kumalizia. Gari likipita kwa mita 45 kwa sekunde, tairi lenye mzingo wa mita 2.07 huzunguka mara 1,304 kwa dakika. Kwa difu ya 4, na gia ya mwisho ikiwa moja kwa moja, turbini ina mizunguko 5,200. Geji ya injini ikisoma 5,650, mtelezo ni asilimia 8, kiasi cha kuridhisha. Ikisoma 6,200, asilimia 16 ya nguvu inapotea kuwa joto, na konveta ni legevu mno. Lakini tairi laini za mashindano hutanuka zinapozunguka kwa kasi. Nusu kipenyo kikiongezeka kwa sentimita 1 tu, turbini huwa na mizunguko 5,060 badala ya 5,200, na ule mtelezo wa asilimia 8 kwa kweli ni zaidi ya 10.