Namna ya kuchagua maneno ya kutafutia maktabani

Wanafunzi wengi huandika swali lao zima kwenye kisanduku cha kutafutia, wakaambulia patupu, kisha wakadhani mada yao haijaandikiwa. Katalogi na hifadhidata nyingi hulinganisha maneno tu. Ukitaka makala, tumia maneno waliyoyatumia waandishi na wakutubi.

Tuchukue swali hili: joto la bahari limeathiri vipi kipato cha wanawake wanaolima mwani Zanzibar?

Chambua swali. Bakiza mawazo makuu: mwani, joto, wanawake, kipato, Zanzibar. "Limeathiri vipi" halisaidii kitu.

Tafuta majina mengine ya kila wazo. Makala nyingi za kisayansi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo anza na "seaweed". Lakini wanasayansi wa bahari hutumia pia majina ya kitaalamu ya aina za mwani: spinosum ni Eucheuma denticulatum, cottonii ni Kappaphycus alvarezii. Mahali napo huenda pametajwa kwa jina la Unguja, Pemba au kijiji cha Paje. Anayetafiti historia akumbuke kuwa nyaraka za Tanzania Bara za kabla ya 1964 husema Tanganyika.

Unganisha. Fungua utafutaji wa kina, jaza mstari mmoja kwa kila wazo, na uunganishe mistari kwa AND:

seaweed OR Eucheuma OR Kappaphycus
income OR livelihood*
Zanzibar

OR hupanua matokeo, AND huyapunguza. Kinyota huleta umoja na wingi wa neno. Alama za nukuu hushikanisha maneno, kama "sea surface temperature". NOT itumie kwa tahadhari: hutupa hata makala nzuri iliyolitaja neno ulilolikataa mara moja tu.

Rekebisha. Matokeo yakizidi, ongeza mstari wa joto au wa wanawake, au weka mpaka wa miaka. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, hivyo unaweza kuanzia hapo. Yakiwa haba, ondoa wazo moja, au panua eneo liwe Tanzania nzima.

Fuata makala moja nzuri. Soma maneno muhimu yaliyo chini ya ikisiri, na vichwa vya mada kwenye katalogi. Hapo utakutana na istilahi kama "ice-ice", hali inayoufanya mwani upauke na kukatika. Rudi utafute kwa neno hilo.

Kila mchanganyiko uliojaribu uandike daftarini pamoja na jina la hifadhidata. Ukikwama, mpelekee mkutubi daftari hilo. Ataona mara moja neno gani bado hujalijaribu.