Msikiti wa Mtaani Husimamaje?

Mnamo mwaka 1938 na 1939 kijiji cha Pangani, Nairobi, kilibomolewa, na wenyeji wake, wengi wao Waislamu, wakahamishwa. Baadhi walikwenda Pumwani, wengine Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Baraza la Mji. Huko Pangani mtu alikuwa na nyumba aliyoijenga mwenyewe. Shauri Moyo mwenye nyumba alipewa makao ya maisha yake tu, asiweze kuwarithisha wanawe.

Hapo twaona kwa nini msikiti ni jambo kubwa kwa watu kama hao. Mahali palipowekwa wakfu hapauzwi, hapatolewi zawadi, wala haparithiwi. Mzee afapo, mjukuu wake huweza kuikosa nyumba, lakini msikiti haukosi.

Walakini wakfu peke yake hauleti maji ya udhu wala mikeka. Zaka nayo, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, haijengi msikiti, maana ina watu wake waliotajwa. Basi gharama ni za jamaa wa mtaa: mmoja hutoa sadaka, fundi hutoa kazi ya mikono yake, na mwenye duka huweza kuweka wakfu kodi ya chumba kimoja.

Mtaa utakao kujenga na uchague mutawalli mwaminifu, uandike wakfu mbele ya mashahidi, na hesabu zisomwe hadharani. Fedha isiyohesabiwa huzaa fitina, na fitina huvunja safu kabla ya kuta.