Kurasa za Shirika katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Kila programu iliyo kazini huitumia kumbukumbu ya kompyuta kana kwamba ni mali yake peke yake. Kwa kweli sivyo. Wakati ule ule zipo programu nyingine kadhaa zenye dhana hiyo hiyo, na mara nyingi zinasoma maneno yale yale kutoka mahali pale pale. Kuzitunza zisidhuriane ni kazi ya kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoitawala mashine.

Kipimo cha kazi hiyo ni ukurasa. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwezi Desemba 1962, iligawa kumbukumbu yake katika kurasa za maneno 512. Mashine nyingi za leo hutumia kurasa za baiti 4,096. Kila mchakato, yaani programu ikiwa kazini, huwa na jedwali linaloonyesha kila ukurasa wake umo katika fremu ipi ya kumbukumbu halisi, na kama unaruhusiwa kusomwa tu au kuandikwa pia. Hakuna kinachozuia majedwali mawili yaelekeze kwenye fremu moja. Hapo ndipo shirika linapoanza.

Katika mfumo wa Unix mchakato mpya huzaliwa ukiwa nakala ya mzazi wake. Hapo zamani nakala hiyo ilifanywa yote, neno kwa neno. Tuseme mzazi ana megabaiti 64: hizo ni kurasa 16,384 za kunakiliwa, na mara nyingi mtoto huzitupa karibu zote papo hapo ili aanze programu nyingine. Hasara tupu! Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika Unix yao ya mwaka 1979, walikwepa hasara hiyo kwa kumsimamisha mzazi huku mtoto akitumia kumbukumbu ya mzazi. Dawa hiyo ilikuwa ya haraka lakini ya hatari, maana mtoto aliweza kuharibu vya mzazi.

Njia bora zaidi, ambayo mfumo wa TENEX uliitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni kunakili wakati wa kuandika. Wanafunzi wawili wanaosoma kitabu kimoja hawahitaji nakala mbili mpaka mmoja wao atake kuandika pembeni. Na hapo inatosha kunakili ukurasa ule mmoja tu. Kiini humpa mtoto jedwali linaloelekeza kwenye fremu zile zile za mzazi, huondoa ruhusa ya kuandika katika majedwali yote mawili, na huhesabu kila fremu ina washirika wangapi.

Mmoja anapojaribu kuandika, prosesa hukataa, husimamisha amri ile na kukiita kiini. Tukio hili huitwa hitilafu ya ukurasa, jina linalopotosha, kwani mara nyingi hakuna kosa lolote. Kiini huuliza kwanza: je, mchakato huu una haki ya kuandika katika eneo hili? Kama hauna, kwa kawaida husitishwa. Kama unayo, na fremu ina washirika zaidi ya mmoja, kiini huchukua fremu tupu, hunakili humo baiti 4,096, husahihisha jedwali na kupunguza hesabu. Kama mshirika amebaki mmoja, hurudishiwa ruhusa tu, bila nakala. Kisha amri iliyosimamishwa hurudiwa, na programu haijui kwamba lolote limetokea. Simu za Android hutegemea utaratibu huu: programu zake huzaliwa kutoka mchakato mmoja mzazi, nazo hushiriki kurasa zake.

Ugumu umo katika neno «kisha». Mwezi Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro ya kiini cha Linux iliyopewa jina la Dirty COW. Mtumiaji asiye na madaraka aliweza kuomba kuandika katika nakala yake binafsi ya faili asiloruhusiwa kulibadili. Kiini kilitengeneza nakala, kikaona sharti limetimizwa, kikaacha kudai ruhusa ya kuandika. Katika nafasi ile ndogo kabla ya kuandika, uzi mwingine wa programu ile ile uliitupa nakala. Kiini kilipotafuta tena ukurasa kilipata ule wa asili, kikauandika. Kwa njia hiyo mtu aliweza kubadili faili za mfumo na kujitwalia mamlaka yote ya mashine.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza kwamba alikwisha jaribu kuiziba kasoro hiyo miaka 11 kabla, lakini rekebisho lake likaondolewa kwa matatizo liliyoleta katika mashine kubwa za IBM. Wakati ule hatari ilionekana ya nadharia tu. Maendeleo ya kiini chenyewe ndiyo yaliyoirahisisha. Rekebisho la 2016 lilikuwa dogo: kiini kikumbuke kwamba nakala ilifanywa, na kihakikishe kwamba ukurasa kinaotaka kuuandika ndio nakala hiyo.

Zoezi. Mzazi ana kurasa 16,384 naye amezaa mtoto mmoja; wote wawili wanaendelea na kazi. Mtoto anaandika katika kurasa 40, mzazi katika kurasa 25, na kurasa 10 kati ya hizo ni zile zile za mtoto. Zitatokea hitilafu ngapi, na nakala ngapi? (Jibu: hitilafu 65, nakala 55. Mwanafunzi aeleze kwa nini haidhuru nani alitangulia kuandika.)