Mfuate Mzee Kwenye Kazi Yake

Ukitaka mzee wa Karagwe au Kyerwa akusimulie ya zamani, usimwekee kiti na kumkabili na daftari. Mkute anapukuchua maharage, anasuka mkeka au anageuza kahawa ya maganda juani, kaa chini ushike kazi naye. Waingereza husema msimulizi wa kisa kirefu “anasokota uzi”. Msemo huo ulikwishaandikwa mwaka 1812, na kwa kawaida huhusishwa na mabaharia waliosimuliana visa huku wakisokota kamba. Mikono ikiwa na shughuli, ulimi hauoni haya.

Usianze na “niambie historia ya Karagwe”. Utapewa ile ya darasani. Uliza kilicho mbele yenu: mibuni hii alipanda nani, kiwanja kilikuwa cha ukoo gani, walitokea wapi. Kutoka shambani mtafika kwenye ukoo, na kutoka kwenye ukoo mtafika Bweranyange kwa wafalme.

Huko utasikia makubwa. Mwaka 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant, na Speke akaandika alivyosimuliwa: alipokufa baba yake, Mfalme Ndagara, wanawe waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa, ndugu wakashindwa kuiinua, Rumanyika akainyanyua kwa kidole. Ukikutana na kisa kama hicho, tafadhali usiulize kama ni kweli. Swali hilo hufunga milango. Uliza nani alimsimulia yeye, na huyo alimsikia nani. Jirani akikupa kisa tofauti, andika vyote viwili, kila kimoja na mwenyewe.

Wala usikae kimya kama uko kanisani. Kwa majirani zao Wahaya, wasikilizaji humjibu mtambaji wa hadithi: “Ona, ili nasi tuone.” Bila kuitikiwa, hadithi hupoa. Itikia, shangaa, cheka.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Simu izimiwe mtandao, ilazwe juu ya kitambaa karibu na msimulizi. Chagua kiangazi, Juni au Julai, maana mvua juu ya bati humeza sauti yote. Mwache aseme lugha yake ya Kinyambo. Kiswahili utakiandika baadaye, na jina la mahali au la ng’ombe libaki alivyolitamka. Faili lipewe jina la kijiji na tarehe siku hiyohiyo, nakala nyingine iwekwe kwa ndugu.

Kisha rudi umsomee. Atasahihisha majina, na akisikia maneno yake yanasomwa atakumbuka kipande alichokiruka. Kwa hiyo siku hiyo pia nenda na simu yenye chaji.