Kabla ya Kumshuku Dereva

Kikundi kikiwa na lori kuukuu la kubebea mbao au mitumba pale Gikomba, ugomvi huanzia kwa mafuta: "Dereva anatunyonya!" Pengine ni kweli, lakini pimeni kwanza. Jazeni tangi pomoni, andikeni kilomita. Mkijaza tena, gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita mlizotia. Kilomita 240 kwa lita 40 ni kilomita 6 kwa kila lita. Fanyeni hivyo mara nne, maana safari moja ya msongamano wa Jogoo Road haisemi kitu. Andikeni lita, si shilingi peke yake, kwa kuwa EPRA hutangaza bei mpya kila mwezi. (Mita ya kilomita imekufa? Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi.)

Hesabu ikishuka polepole, gari linaumwa. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yasiyoungua vizuri: chujio la hewa limejaa vumbi, au nozeli zimechoka. Anzeni na chujio, ni rahisi. Magurudumu yenye upepo kidogo nayo huchosha injini. Yapimeni asubuhi yakiwa baridi. Na mbona injini inanguruma saa nzima tanboi akipakia? Izimeni!

Ikishuka ghafla na mzigo ni ule ule, chungulieni kwanza kama tangi linavuja. Ndipo mmuite dereva, mkae naye, daftari likiwa mezani.