Dondoo muhimu: Kutia shoka mpini uliochongwa tayari

Ukinunua mpini wa mkaratusi hapa mtaani Landless, tazama kwanza nyuzi za mti: zikikatiza mshazari, uache. Mbichi pia usichukue. Utasinyaa na shoka litachomoka kazini.

Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu la shoka, ingiza mpini, kisha utoe. Palipoingia weusi ndipo panapobana. Punguza hapo tu kwa tupa, kidogo kidogo, ujaribu tena mpaka ukae sawasawa. Hatua hii haitaki haraka kabisa.

Kabari ya kukazia mpini iwe ya mti mgumu, si msumari, maana msumari hupasua mpini. Piga msasa, upake mafuta ya kitani. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke. Kikikunjwa kibichi kinaweza kuwaka chenyewe.