NENO "INTEREST" LINA MAANA NGAPI?

Ndugu wanafunzi na wazazi, leo tunaliangalia neno la Kiingereza "interest". Mtoto hukutana nalo darasani, na mzazi hapa Dodoma hukutana nalo kwenye fomu ya mkopo anapotafuta mtaji wa shamba la zabibu.

Neno hili ni nomino yenye maana tatu kuu:

1. Hamu ya kujua jambo. "She has an interest in history": ana hamu ya kujifunza historia.

2. Maslahi. Hapa mara nyingi huwa katika wingi: "the interests of the child", yaani maslahi ya mtoto.

3. Riba, yaani ziada juu ya deni. Kwa maana hii halina wingi.

Maana mbili za mwanzo hazina ubaya. Ya tatu ndiyo aliyoiharamisha Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 275. Ukikopa shilingi 100,000 kwa "interest" ya asilimia 10, baada ya mwaka utarudisha 110,000. Zile 10,000 ndizo riba. Faida ya biashara huitwa "profit", na aya hiyo hiyo imehalalisha biashara.

Wazazi wengine hutuuliza kuhusu hesabu za riba shuleni. Kuzikokotoa si kula riba. Ni kuijua ili tuiepuke.

Basi mwanafunzi, baba akileta fomu nyumbani, msomee neno hili kabla hajatia saini. Wabillahi tawfiiq.